Kifauongo Hakioni Haya: Hoja juu ya Kiswahili na Elimu ya Mimea

Katika nchi zetu hizi zinazopakana na makao ya kale ya Kiswahili, lugha hii imepewa heshima kubwa kwa maandishi. Uganda iliifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda nayo iliitangaza kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Heshima hizi twazipokea kwa furaha. Lakini tusipoangalia zitakuwa kilemba cha ukoka: lugha itasifiwa mikutanoni, na darasani itaachiwa salamu, bei za sokoni na hadithi za Sungura na Fisi.

Twasema hivi kwa sababu ya jambo lililotufika. Baadhi yetu, walimu wa Kiswahili pamoja na wenzetu wa elimuviumbe, tuliandika kifungu cha ufahamu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kifungu kilihusu kifauongo, ule mmea mdogo wa miiba ambao majani yake hujikunja uguswapo, na ambao Waganda huuita weewumbeko. Hakuna mtoto wa kwetu asiyewahi kuuchezea njiani akitoka shule. Kifungu kilieleza kwa nini majani yale hujikunja, na jinsi mimea mingine mingi, isiyojikunja, inavyoitikia mguso kwa njia za kikemia zisizoonekana kwa macho.

Jopo moja la wahariri, ambalo hatuna haja ya kulitaja, lilikirudisha kifungu hicho na maelezo mawili. Mhariri wa kwanza alisema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo, kwa hiyo tutafute hadithi. Mhariri wa pili alisema kwamba kifungu kingependeza zaidi iwapo kingesimulia jinsi mmea unavyoona haya, unavyosikia uchungu na unavyolia. Kwa mtazamo wa haraka, wahariri hawa wawili wanapingana. Kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawaamini kwamba Kiswahili chaweza kusema jambo la sayansi kama lilivyo. Mmoja ataka kinyamaze, mwenziwe ataka kipambe. Sisi twawapinga wote wawili, na tutaeleza sababu zetu kwa kuanzia kwenye mmea wenyewe, maana hoja ya lugha isiyoshika kitu mkononi huwa maneno matupu.

Kifauongo asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kutoka huko kimesambaa katika nchi nyingi za joto. Chini ya kila kijani chake kidogo, na chini ya kila kikonyo cha jani, kuna kifundo kilichovimba kidogo. Kifundo hicho kimejaa seli zenye maji, na maji hayo ndiyo yanayolishikilia jani liwe wazi, kama vile hewa inavyoishikilia tairi ya baiskeli. Ukigusa kijani, kiasi cha kalsiamu hupanda ghafula ndani ya seli za kifundo, na mpigo wa umeme hupita. Seli za upande mmoja hutoa nje ayoni za potasiamu na za kloridi, na maji huzifuata. Upande ule hunywea. Upande wa pili, ambao bado umejaa, husukuma. Na jani hukunjika. Yote hayo huchukua kama sekunde moja. Baadaye, kwa muda wa dakika kadhaa, seli huvuta tena ayoni na maji, na jani hufunguka.

Je, kuna faida gani? Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Saitama, Japani, walichapisha uchunguzi wao wa kifauongo ambacho kalsiamu yake ilifanywa ing'ae, hata wakaweza kuitazama ikisafiri ndani ya jani. Kisha walichukua vifauongo vilivyoondolewa uwezo wa kujikunja, wakaviweka mbele ya panzi pamoja na vifauongo vya kawaida. Panzi walikula zaidi vile visivyojikunja. Basi kujikunja ni ulinzi, na ulinzi huo umeonekana na kupimwa.

Tunamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Ameisoma habari ya kalsiamu, ayoni, seli na umeme, nasi hatukuazima sentensi hata moja. Tumeazima majina machache tu ya vitu, kama kila lugha inavyoazima. Vitenzi vyote ni vya nyumbani: kupanda, kupita, kutoa, kufuata, kunywea, kusukuma, kukunjika, kuvuta, kufunguka. Sayansi huishi katika vitenzi vyake, na kwa vitenzi Kiswahili si maskini.

Sasa tuendelee, kwa kuwa jambo lenye utajiri zaidi liko mbele. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama habari ya mguso au ya jeraha husafiri ndani ya mmea kwa umeme au kwa kemia. Jagadish Chandra Bose wa Kolkata (1858–1937) alitengeneza vyombo vya kupimia vilivyo sahili na vikali mno, akaonyesha kwamba mipigo ya umeme hupita ndani ya kifauongo na mimea mingine. Mwaka 1916 Mwitalia Ubaldo Ricca alifanya jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Alikata shina la mmea wa jamii ya kifauongo, akaviunganisha vipande viwili kwa mrija uliojaa maji. Alipokiumiza kipande cha chini, majani ya kipande cha juu yaliitikia. Katikati palikuwa na maji tu. Hapakuwa na nyama ya mmea ya kupitisha ule mpigo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichoyeyuka na kusafiri na maji. Kitu hicho kiliitwa kwa jina lake Ricca, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu walikitafuta.

Mwaka 2023 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao maabara nyingi huutumia, vimeng'enya vya aina fulani humiminika katika mishipa ya maji pale mmea unapojeruhiwa, na vikifika mbali huamsha umeme katika majani mengine. Hivyo wabishani wa zamani walikuwa kila mmoja ameshika upande wa kweli: kemia huita, umeme huitika.

Lakini kujeruhi si kugusa, na mwalimu asiyetenganisha maneno hayo mawili huwachanganya wanafunzi. Mguso mwepesi, usiovunja chochote, nao una kemia yake. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Jaffe alionyesha kwamba mimea inayosuguliwa mashina yake kwa muda mfupi kila siku hubaki mifupi na kuwa minene kuliko ile isiyoguswa. Wakulima wa Japani walilifahamu jambo hili kwa vitendo muda mrefu kabla ya hapo: wana desturi ya kuikanyaga miche ya ngano na shayiri ili ishike ardhi na isirefuke ovyo.

Kisha mwaka 1990 Janet Braam na Ronald Davis, waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Walikuwa wakiinyunyizia Arabidopsis homoni ili waone ni jeni zipi zitakazoamka. Jeni ziliamka kweli. Lakini ziliamka pia katika mimea iliyonyunyiziwa maji matupu. Homoni haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ule mguso wa matone. Walipoigusa mimea kwa mkono, au kuipulizia upepo, mambo yakawa yale yale: ndani ya dakika 10 hadi 30 ujumbe wa jeni hizo uliongezeka hata kufikia mara 100. Mojawapo ya jeni hizo ni ya kalmodulini, protini inayoshikana na kalsiamu. Hapo tena twaikuta kalsiamu, mlangoni.

Na nyuma ya mlango kuna nani? Hapa ndipo twataka wahariri wetu wafungue masikio. Mwaka 2012 Braam na wenzake walionyesha kwamba Arabidopsis inayoguswa mara kwa mara huongeza ndani yake kemikali moja, na kwamba mimea isiyoweza kuitengeneza kemikali hiyo, hata ikiguswa namna gani, haiwi mifupi wala haichelewi kutoa maua kama ile mizima. Walionyesha pia kwamba mimea iliyoguswa iliwashinda kwa nafuu kuvu na viwavi walioiletea madhara ile isiyoguswa. Mwaka 2015 wataalamu wengine walionyesha kwamba mguso hufanya pia homoni ya kurefusha shina, jibarelini, ivunjwevunjwe. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wakiigusa mimea kwa brashi laini, walionyesha kwamba habari ya mguso hupita katika njia zaidi ya moja: moja ni ya kemikali ile ile, nyingine ni ya protini inayohusiana na kalsiamu.

Kemikali hiyo jina lake ni asidi ya jasmoni. Mhariri wetu wa kwanza akilisikia jina hilo atasema: mwaona, Kizungu kitupu! La hasha. Jina hilo limetoka katika ua. Mwaka 1962 mmoja wa jamaa wa asidi hiyo, methili jasmoneti, ulipatikana katika mafuta ya ua ambalo watu wa pwani hulivaa na kulitandika vitandani mwa maarusi: yasmini, au asumini. Neno lenyewe ni la Kiajemi. Likapita kwa Waarabu. Kutoka hapo likafika Ulaya kwa mkono mmoja, na pwani yetu kwa mkono mwingine. Mzungu alipolichukua hakuulizwa kama lugha yake ina maneno. Kwa nini aulizwe Mswahili, mwenye neno lile lile kinywani, na ua lenyewe uani? Tukiita asidi ya yasmini, mwanafunzi ataikumbuka maisha yake yote. Twaongeza kwamba mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba mvuke wa methili jasmoneti ukielea hewani hufanya vikono vya mmea mmoja wa jamii ya maboga, vile vijiuzi ambavyo mimea ya kutambaa hujishikizia, vijisokote bila ya kuguswa na kitu. Yaani harufu ya yasmini hufanya kazi ya mguso. Ni hadithi gani ya Fisi inayoshinda hiyo?

Tazama pia neno homoni. Waingereza walilitunga mwaka 1905, Ernest Starling akilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea mwendo. Ule ufupi na unene wa mmea ulioguswa, Jaffe aliupa jina la Kigiriki pia, refu kiasi cha kumkatisha msemaji pumzi: thigmomofojenesi. Mtoto wa Kiingereza akiliona kwa mara ya kwanza haambulii kitu. Hana budi kulikariri. Kiswahili kina gusa, chenye guswa, gusika, gusia na gusana. Kina umba, chenye umbwa, umbika na umbo. Sisi twasema kuumbika kwa mguso, na mtoto wa darasa la sita ameelewa kabla mwalimu hajageuka ubaoni. Basi ni lugha ipi iliyopungukiwa hapo?

Tumekwisha na mhariri wa kwanza. Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu huja na uso wa upendo. Anataka watoto waipende mimea, naye anadhani hawataipenda mpaka waambiwe kwamba mimea ina aibu na machozi. Kasoro hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1966 Mmarekani Cleve Backster, mtaalamu wa chombo cha kupimia uongo, aliufunga mmea wa nyumbani kwenye chombo hicho, akatangaza kwamba mmea ulisoma mawazo yake. Mwaka 1973 kitabu kilichoitwa The Secret Life of Plants kilizieneza habari hizo duniani. Wataalamu walipolirudia jaribio kwa uangalifu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1975, hawakuona kitu. Mwaka 2023 wataalamu wa Tel Aviv walipima sauti nyembamba mno, zisizosikika kwa sikio la mtu, zinazotoka katika nyanya na tumbaku zilizokatwa au kukosa maji. Sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni vipovu vya hewa vinavyopasuka ndani ya mishipa ya maji. Mara magazeti yakaandika kwamba mimea hulia.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapohitajika kuliko mwalimu wa elimuviumbe. Lugha yetu ina vitenzi vipana ambavyo visipochungwa vitadanganya. Kusikia ni kimoja. Kwa Kiswahili mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na husikia maumivu. Ukiandika kwamba mmea husikia mguso, msomaji mmoja ataupa masikio, wa pili ataupa uchungu, wa tatu ataupa pua. Kuhisi nacho kina mtego wake, kwani tunaposema twahisi mvua itanyesha, maana yetu ni kwamba twakisia. Kitenzi hicho huvuta akili nyuma yake. Kulia ni kipana vilevile. Ngoma hulia, kengele hulia, mtoto hulia. Mmea wa nyanya, kwa maana ya kengele, na ulie. Kwa maana ya mtoto, haulii, na mwandishi asiyesema ni maana ipi anayoikusudia amemwibia msomaji wake.

Kuna kitenzi kimoja ambacho twakipendekeza kwa moyo wote, nacho ni kuitikia. Asili yake ni ita. Anayeitwa huitika; aitikapo kwa ajili ya wito fulani, huuitikia. Ndani ya neno moja mna wito, mna jibu, na mna uhusiano wa hayo mawili. Na ndivyo hasa mambo yalivyo katika mmea. Mguso huita, kalsiamu huitika, jeni huitwa, asidi ya yasmini huongezeka, shina huitikia kwa kuwa nene. Kila hatua ni jibu kwa hatua iliyotangulia, na wito kwa ile ijayo. Tena kitenzi hiki hakidai moyo wala akili. Mwangwi wa mlimani huitikia sauti, na mwili wa mgonjwa aliyezimia huitikia dawa, wala hatusemi kwamba mwangwi una huzuni au kwamba mgonjwa aliamua. Majina yake yako tayari: mwitiko kwa jibu la mmea, na wito kwa kile kilichouamsha, au kichocheo kwa anayependa neno la vitabuni.

Tunajua swali litakalotupwa mbele yetu. Mtasema: ninyi mnaokataza mmea kuona haya, mbona mwauita kifauongo? Jina hilo lenyewe si la kuudhania hila? Swali ni zuri, na jibu lake ni hili. Majina hutolewa na watu kwa kufananisha. Wahenga wetu walimwona mdudu ajifanyaye amekufa aguswapo, wakauona na mmea ufanyao mfano wa hivyo, wakavipa vyote viwili jina moja. Linnaeus alipouandika mmea huu mwaka 1753 aliuita Mimosa pudica, na neno hilo la pili katika Kilatini maana yake ni mwenye staha. Mswahili aliona ujanja, Mzungu aliona haya. Kila mmoja aliuona kwa jicho la kwao. Hatukatai majina hayo, wala hatutaki yabadilishwe; ni mali ya lugha, na mshairi ana ruhusa ya kuyachezea apendavyo. Tunachokataa ni kulifanya jina kuwa maelezo. Mmea huu haufi uongo: seli zake zimetoa maji. Jina ni la watu wote. Maelezo ni dhamana ya mwalimu.

Twamwambia pia mhariri wa pili kwamba upendo uliojengwa juu ya uongo hauna msingi. Mtoto aliyeambiwa kwamba jani hulia atakua, atauliza machozi yako wapi, na akijua kwamba hayapo atadhani mmea haufanyi chochote. Tena atamdharau mwalimu wake wa Kiswahili, na pengine Kiswahili chenyewe, akiamini kwamba ukweli hukaa katika lugha nyingine. Hasara hiyo ndiyo tunayoiogopa. Tayari wako wanafunzi wetu wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya kuchekesha na Kiingereza au Kifaransa ni lugha ya kujua. Dhana hiyo hawakuzaliwa nayo. Wameipata katika vifungu tunavyowasomesha.

Na huyo wa kwanza, anayetaka kukilinda Kiswahili kisichoke kwa mambo magumu, aende akaitazame mimea ya Jaffe. Ile isiyoguswa hurefuka, hupendeza macho, na shina lake huwa jembamba. Ile inayosuguliwa kila siku hubaki fupi, lakini shina lake hunenepa. Lugha isiyoguswa na sayansi, wala hesabu, wala sheria, itarefuka kwa sifa za mikutanoni na kuanguka siku ya kwanza itakapotakiwa kubeba mzigo. Kuilinda namna hiyo ni kuidhoofisha.

Basi twaomba nini? Twaomba mambo ambayo hayahitaji fedha wala amri ya serikali. Kila mwalimu wa Kiswahili atafute mwenziwe wa elimuviumbe katika shule yake, wakae pamoja juma moja, waandike kifungu kimoja cha ufahamu juu ya kitu ambacho wanafunzi wanaweza kukigusa: kifauongo, kikono cha mboga ya maboga, mche wa mahindi uliopulizwa na upepo. Mwenzetu wa elimuviumbe achunge ukweli wa jambo. Sisi tuchunge kitenzi. Pale ambapo pana neno la nyumbani, tulitumie. Pale ambapo hapana, tuazime bila ya aibu, na tuliandike kwa sauti zetu. Wanafunzi watolewe nje, waguse, wahesabu muda kwa saa, na waandike walichokiona bila ya kumpa mmea aibu, hasira wala huzuni. Zoezi hilo litawafundisha ngeli na kauli za vitenzi kuliko kurasa kumi za sarufi, kwa kuwa watahitaji kunja, kunjwa, kunjika na kunjuka, kila kimoja mahali pake.

Na kwa wahariri wa vitabu vya shule twaomba hivi: mkikirudisha kifungu cha mwalimu, mkirudishe kwa kosa lililomo. Tuonyesheni sentensi isiyoeleweka, nasi tutaiandika upya. Tuonyesheni jambo lisilo la kweli, nasi tutaliondoa. Lakini msituambie kwamba lugha hii haiwezi, maana tumekwisha kuitumia, nanyi mmekwisha kuisoma. Kifungu chetu kiko tayari kutumwa tena. Hatutaongeza chozi hata moja.